Vichaka vinavyostahimili ukame kwa kivuli cha bwawa dogo la bustani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye kibwawa cha mita mbili au tatu kwa upana, chenye samaki wachache wa mapambo au mayungiyungi, kilichochimbwa mahali penye jua kali na mvua za kusubiri. Maswali yamefuatana kama yanavyomjia mtu anapoanza kulifikiria jambo hili. Mwenye haraka aanze na swali la pili na lile la umbali kutoka ukingoni, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Kwa nini kibwawa kihitaji kivuli?

Kwa sababu ya joto na mwanga. Bwawa kubwa lenye kina hupata moto polepole, lakini maji ya kina cha nusu mita yanayopigwa na jua tangu asubuhi huwa vuguvugu ifikapo alasiri. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, maji yaliyoshiba hewa huwa na takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita; kwa nyuzi 30 hubaki kama 7.5. Na samaki, joto linapopanda, ndipo anapohitaji oksijeni nyingi zaidi. Mwani nao hutoa oksijeni mchana lakini usiku huitumia kama viumbe wengine, kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni alfajiri. Ukiamka mapema ukawakuta samaki wamejipanga juu ya maji wakifumbua na kufumba midomo, wanatafuta pumzi.

Mwanga nao ndio unaolisha mwani. Maji yanayogeuka kijani kibichi, na zile nyuzi za utelezi zinazong'ang'ania mawe, vyote huhitaji jua pamoja na virutubisho, hasa fosforasi na naitrojeni. Kivuli hupunguza upande mmoja tu wa hesabu hiyo. Ukiwalisha samaki kupita kiasi, au mbolea ya bustani ikiwa inaingia bwawani, kivuli peke yake hakitakusafishia maji.

Faida ya tatu ni maji yenyewe kutopotea ovyo. Milimita moja ya maji ikivukia kwenye mita moja ya mraba, umepoteza lita moja. Kibwawa cha mita 2 kwa 1.5 kinachoshuka milimita 6 kwa siku kimepoteza lita 18, karibu ndoo nzima, kila siku ya kiangazi. Vichaka hupunguza jua na pia huvunja upepo, na upepo mkavu huiba maji kuliko watu wanavyodhani.

Kando ya bwawa si kuna maji? Kwa nini nitafute vichaka vya kustahimili ukame?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, kwa sababu jibu lake hubadilisha orodha nzima ya mimea. Kama bwawa lako limetandikwa karatasi ya nailoni, limejengwa kwa saruji au ni beseni la plastiki lililofukiwa, basi hakuna hata tone linalopaswa kutoka humo kwenda kwenye udongo wa pembeni. Likitoka, bwawa linavuja. Kwa mizizi, maji yale yaliyo hatua moja tu mbele yake ni kana kwamba hayapo.

Jaribu mwenyewe mwishoni mwa kiangazi: chimba kwa sepeto shimo la sentimita 20, hatua moja kutoka ukingoni. Utakuta udongo mkavu unaomwagika kama ule ulio katikati ya bustani, na mara nyingi mkavu zaidi. Mawe ya ukingoni hushika joto na kulirudisha jioni, uso wa maji hurudisha mwanga chini ya majani, na udongo uliotolewa shimoni wakati wa kuchimba bwawa ndio kwa kawaida hutandazwa pale pembeni. Huo ni udongo wa chini, usio na rutuba, na ulioshindiliwa na miguu ya wachimbaji. Pale panapoonekana pana unyevu kuliko kote ndipo mara nyingi palipo pakavu kuliko kote.

Ndiyo maana mtu anapanda magimbi, matete na mimea mingine ya mtoni kwenye ukingo wa bwawa la nailoni, kisha anajikuta anabeba ndoo kila jioni. Mimea hiyo mahali pake ni ndani ya maji, kwenye vyungu. Nje ya ukingo panda kichaka kinachojua kukaa na kiu.

Na kama bwawa langu ni la udongo mtupu, halina nailoni?

Hapo mambo hugeuka. Bwawa la udongo wa mfinyanzi hupitisha maji kidogo kidogo, na ukanda wa nusu mita hadi mita moja kulizunguka hubaki na unyevu. Vichaka vingi vya nchi kavu huoza mizizi mahali kama hapo. Ama uvipande nyuma zaidi, juu ya tuta la sentimita 30 hivi, ama chagua vile vinavyovumilia hali zote mbili. Tahadhari hiyo hiyo ihusu upande mmoja wa bwawa la nailoni, yaani pale maji yanapofurikia mvua kubwa inaponyesha. Paangalie wakati wa mvua kabla hujachimba shimo la mche.

Kivuli kiasi gani kinatosha?

Lenga nusu ya uso wa maji, au theluthi mbili kwenye joto kali sana, katika saa za mchana na alasiri. Usifunike bwawa zima siku nzima. Mayungiyungi mengi huhitaji jua la moja kwa moja kwa takriban saa sita kwa siku ili yatoe maua, na bwawa lililozibwa pande zote hupata hewa kidogo na takataka nyingi. Kumbuka pia kwamba majani ya yungiyungi yenyewe ni kivuli. Yakiwa yamefunika theluthi ya maji, kazi ya vichaka imepungua.

Nipande upande gani wa bwawa?

Magharibi kwanza. Jua la alasiri ndilo linalokuta maji yameshapata moto, na ndilo linaloyapeleka kwenye hatari. Jua la asubuhi huingia maji yakiwa bado baridi, na yungiyungi hulipenda. Kwa hiyo acha mashariki pawe wazi kadiri unavyoweza.

Baada ya hapo inategemea uko wapi duniani. Anayeishi kaskazini ya mbali na ikweta huliona jua likipita upande wa kusini, kwa hiyo vichaka vyake vikae kusini-magharibi. Wa kusini ya mbali hufanya kinyume: kaskazini-magharibi. Walio karibu na ikweta huliona jua likihama, miezi kadhaa upande huu na miezi kadhaa upande ule, na saa sita mchana linakuwa karibu utosini. Kwao hakuna kichaka cha pembeni kitakacholizuia jua la utosini. Kazi hiyo ni ya majani ya yungiyungi. Kwao magharibi ndiko kwenye faida ya mwaka mzima.

Angalia na upepo. Kama upepo wa kiangazi hutokea magharibi, vichaka vyako vitamwaga majani moja kwa moja majini. Bado ningevipanda magharibi, ila ningekuwa mkali zaidi katika kuchagua aina. Na acha nafasi ya kupita, upana wa mtu na ndoo yake, kwa ajili ya kusafisha.

Umbali gani kutoka ukingoni?

Hapa pana vuta nikuvute. Ukipanda karibu mno, majani yote na nusu ya matawi yataishia majini. Ukipanda mbali mno, utakuwa umetia kivuli nyasi.

Fanya hesabu kabla ya kuchimba. Jua likiwa nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, yaani nyuzi 45, kivuli huwa na urefu sawa na kichaka chenyewe. Likiwa nyuzi 60, kivuli ni kama asilimia 58 ya urefu huo. Likishuka hadi nyuzi 30, kivuli hurefuka mara 1.7. Sasa chukua kichaka cha mita 2 ambacho shina lake liko mita 1.2 kutoka ukingoni. Jua la nyuzi 60 litaleta kivuli cha mita 1.16, ambacho hakifiki hata majini. La nyuzi 45 litatia kivuli sentimita 80 za maji. La nyuzi 30 litafunika mita 2.2, yaani kibwawa kizima cha mita mbili. Karibu na ikweta, siku ambazo jua hupita utosini, nyuzi 60 ni kama saa nane mchana, nyuzi 45 ni saa tisa, na nyuzi 30 ni saa kumi.

Kwa kichaka cha mita 2 hadi 3, mimi husema shina likae mita 1 hadi 1.5 kutoka ukingoni, matawi ya upande wa maji yaachwe yainame kidogo, ya chini yaondolewe. Chini ya mita moja usipande kichaka chochote cha maana. Kama huna subira na hesabu, tumia mti mrefu wa ufagio au ubao wenye urefu wa kichaka unachokitaka, usimamishe pale unapokusudia kupanda, uangalie kivuli chake kinaangukia wapi saa tisa alasiri. Nusu saa ya kazi hiyo inakuepusha kung'oa kichaka chenye miaka mitatu.

Mizizi haitatoboa nailoni?

Mizizi ya vichaka vingi haitoboi nailoni nzima. Hufuata unyevu uliopo, na nyuma ya nailoni nzima hakuna unyevu. Hatari huanza kukiwa na tundu dogo, kwa sababu mzizi utalifuata na kulipanua. Hatari nyingine ni ukingo wa nailoni uliofukiwa sawasawa na udongo: udongo hunyonya maji juu ya ukingo kama utambi, na vijizizi hufuata njia hiyo hiyo hadi ndani ya bwawa. Ukingo wa nailoni uinuliwe sentimita chache juu ya udongo, nyuma ya jiwe, usionekane lakini uwepo.

Vinavyotoboa kweli ni vichipukizi vya chini ya ardhi vya mianzi inayotambaa, maana ncha zake ni kali kama sindano. Mianzi ya namna hiyo na jamii ya mikuyu na mivumo viwe mbali kabisa na bwawa. Miiba nayo hutoboa kwa njia isiyotarajiwa: kijiti chenye miiba huanguka majini, huzama chini ya tope, na siku unapoingia kusafisha unakikanyaga juu ya nailoni. Kwa sababu hiyo sipendekezi bogonvilia kando ya bwawa la nailoni, ingawa kwa ukame ni shupavu na kwa rangi haina mshindani.

Nitajie vichaka vyenyewe.

Nitaanza na ninachokipenda zaidi kwa kazi hii, *Dodonaea viscosa*. Kinapatikana kiasili katika mabara mengi yenye joto, hukua haraka, hufika mita 2 hadi 4 kisipopogolewa, na husimama wima bila kutanuka sana. Majani yake ni membamba, marefu, yenye ung'avu, na yakianguka huelea muda wa kutosha kuyaokota kwa wavu. Hakina miiba. Kasoro yake ni vibweta vya mbegu vyenye mabawa, vyepesi kama karatasi, vinavyopeperuka hadi majini kwa msimu mmoja wa mwaka. Vipogoe vichwa vyake maua yanapokwisha, kabla vibweta havijakauka.

*Westringia fruticosa*, wa pwani za Australia, ni mfupi zaidi, mita 1.5 hadi 2, mwenye majani madogo ya kijivujivu. Huvumilia upepo wa chumvi na jua kali, na hukubali mkasi. Unafaa kibwawa kidogo sana ambako kichaka cha mita tatu kingekuwa mzigo.

Mahali penye joto kavu la kweli, na udongo usiotuamisha maji, *Leucophyllum frutescens* ni hazina. Asili yake ni Texas na kaskazini ya Meksiko. Majani yake yana manyoya ya rangi ya fedha, na hutoa maua ya zambarau hewa inapopata unyevu, mara nyingi pamoja na mvua. Usiuweke kamwe upande wa maji kufurikia, kwani mizizi yake huoza upesi.

Mhina na mkomamanga ni wenyeji wa zamani wa nchi kame. Mhina una majani madogo, maua yenye harufu nzuri, na hukubali kukatwa kuwa ua, ila matawi yake ya zamani huota miiba, kwa hiyo uwe mita moja na nusu au zaidi kutoka majini. Mkomamanga hufika mita 4 au 5 ukiachwa, lakini hupogoleka vizuri. Penye majira ya baridi hupukutisha majani yote, jambo ambalo wengine hulitaka: bwawa hupata jua miezi ya baridi na kivuli miezi ya joto. Matunda yaokotwe kabla hayajaanguka majini.

Mikole, yaani jamii ya *Grewia*, ina aina nyingi za nchi kavu za Afrika na Asia. Matunda yake madogo huwavuta ndege, na ndege ni furaha bustanini, ingawa vinyesi vyao majini ni mbolea kwa mwani. Iweke pembeni kidogo, isining'inie juu ya maji.

*Plumbago auriculata* ya Afrika Kusini hutoa maua ya buluu kwa muda mrefu na huinama vizuri kuelekea maji, kwa hiyo kivuli chake hufika mbali kuliko urefu wake. Utomvu wake huweza kuwasha ngozi, vaa glavu unapopogoa. *Tecomaria capensis*, yenye maua ya rangi ya chungwa, ni imara vilevile, lakini matawi yake yakigusa ardhi huota mizizi, na ndani ya miaka michache kichaka kimoja kinaweza kuwa kichaka cha pande zote.

Kwa upande ule wa maji kufurikia, au kwa bwawa la udongo, tafuta *Callistemon* mwenye maua mfano wa brashi ya chupa. Ukishashika hustahimili kiangazi, na maji yanayotuama kwa muda hayaudhuru. Lakini angalia maua yake kwa karibu kabla ya kununua: kila ua ni mamia ya nyuzi nyekundu nyembamba, na zinapokauka hunyesha majini kama nywele zilizokatwa. Zikifika kwenye pampu hujisokota kwenye kizunguzo chake na kuziba chujio. Kama bwawa lako lina pampu, uweke mbali, au uwe tayari kusafisha chujio kila baada ya siku chache wakati wa maua.

*Portulacaria afra* nao, wenye vijani vinene vyenye maji, hauna mwiba na unaweza kukaa muda mrefu bila kumwagiliwa. Unakua taratibu.

Majani yakianguka majini kuna ubaya gani?

Machache hayana neno. Mengi huzama, huoza, na kuoza kunakula oksijeni na kuachia fosforasi na naitrojeni, ndipo ule mwani uliokusudia kuuzuia kwa kivuli unalishwa na kivuli chenyewe. Kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko suala la ukame. Kichaka kilichokosa maji unaweza kukimwagilia, lakini kinachopukutisha majani hutakibadilisha tabia.

Usidanganywe na maneno "hakipukutishi majani". Vichaka vya namna hiyo huangusha majani mwaka mzima, kidogo kidogo, na vikikazwa na kiu huangusha mengi kwa mkupuo. La kuuliza ni majani yanaangukaje na yakoje. Jani gumu, lenye ngozi nene, huoza polepole na hukupa wiki nzima ya kuliokota. Jani laini huyeyuka kabla hujaliona. Majani madogo mno kama ya jamii ya mikwaju hupenya kwenye matundu ya wavu na kutua chini kama unga.

Tandaza wavu juu ya maji msimu wa kupukutika. Siku nyingine kiwavu chenye mpini kinatosha, asubuhi, kabla majani hayajazama.

Vichaka gani nisivipande kabisa?

Olianda, yaani *Nerium oleander*, kwanza. Hupatikana kwa urahisi, huvumilia ukame kwa namna ya ajabu, na kila sehemu yake ina sumu inayoshambulia moyo. Majani yake yakiloweka kwenye maji machache ambayo samaki, mbwa au mtoto atayafikia, hakuna uzuri wa maua unaofidia. *Cascabela thevetia*, wenye maua ya njano, uko kundi moja na huo.

Mnyaa una utomvu mweupe unaochoma ngozi na kuweza kuumiza macho vibaya, nao, ukiingia majini, huua samaki. Utupa, kama wavuvi wa zamani walivyojua vizuri, una sumu iitwayo rotenoni, na majani yake yaliyopondwa hulewesha na kuua samaki. Waridi la jangwani, *Adenium obesum*, ni zuri na gumu kwa ukame, lakini utomvu wake ni sumu pia.

Kundi la pili ni vichaka vinavyovamia. *Lantana camara* na mlusina, *Leucaena leucocephala*, vimo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. *Tecoma stans* nao umeorodheshwa kuwa mvamizi katika nchi kadhaa. Kabla ya kununua aina yoyote ya kigeni, zikiwemo nilizozisifu hapo juu, angalia sheria ya nchi uliyomo, kisha tafuta kama kuna kichaka cha kienyeji kinachofanya kazi hiyo hiyo.

Kitaluni nitatambuaje mche unaostahimili ukame?

Tazama majani: madogo, au mazito kama ngozi, au yenye nta, au yenye manyoya ya kijivu, au yaliyojikunja kingo. Zote ni njia za mmea kutopoteza maji. Kisha utoe mche kwenye mfuko wake, muuzaji mwema atakuruhusu. Mizizi iliyojizungusha mara nyingi chini ya mfuko haitashuka ardhini, na mche wa aina hiyo hubaki na kiu maisha yake yote. Chagua mdogo wenye mizizi iliyonyooka kuliko mkubwa uliobanwa. Mche wa nusu mita hushika upesi, na mara nyingi baada ya misimu michache huwa umempita ule wa mita moja na nusu.

Kama kinastahimili ukame, nikimwagilie?

Ndiyo, tena bila mzaha, mwaka wa kwanza na mara nyingi wa pili. Kustahimili ukame ni kazi ya mizizi iliyoshuka, na mche mpya hauna. Panda mvua zinapoanza. Chimba shimo pana mara mbili ya bonge la mizizi lakini lisiwe na kina zaidi yake, na ukiona ule udongo mgumu uliotolewa wakati wa kuchimba bwawa, ulegeze kwa uma wa shamba hadi mita moja kila upande.

Mwagilia kwa wingi na kwa nadra: lita 10 hadi 15 kwa mche mmoja, mara moja au mbili kwa wiki mvua ikikosekana, kuliko kikombe kila siku. Maji ya juu juu huzoesha mizizi kubaki juu. Baada ya miezi sita ongeza siku kati ya mwagilio mmoja na mwingine, ukiangalia majani ya asubuhi. Yaliyonyong'onyea saa nane mchana yanaweza kuwa yanajihami tu. Yaliyonyong'onyea alfajiri yana kiu.

Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina, na yaishie sentimita 30 kabla ya ukingo ili mvua isiyasombe majini.

Niweke mbolea gani?

Kando ya bwawa, karibu hakuna. Vichaka vya nchi kavu vimezoea udongo maskini, na mbolea huvifanya vitoe majani laini yenye uchu wa maji. Mboji kidogo iliyoiva ikichanganywa na udongo wakati wa kupanda inatosha. Mbolea ya chumvichumvi na samadi mbichi zitaishia majini kwa mvua ya kwanza.

Chakula bora umeshakuwa nacho. Unapobadilisha maji ya bwawa, asilimia 10 hadi 20 kwa wakati mmoja, usiyamwage. Yana naitrojeni ya kinyesi cha samaki, na vichaka vitayapokea kwa furaha. Isipokuwa kama umetia bwawani chumvi au dawa ya samaki; hayo yasiende kwenye mizizi.

Wadudu wakivamia vichaka?

Usipulizie dawa juu ya maji, hata iitwayo ya asili. Pareto inatokana na maua na ni hatari sana kwa samaki. Vidukari viondoe kwa mpira wa maji, tawi lililoshambuliwa sana likate. Mara nyingi mdudu juu ya kichaka cha nchi kavu ni dalili kwamba kimepewa maji au mbolea kupita kiasi.

Kivuli hakitaleta mbu?

Mbu huletwa na maji yaliyotuama bila anayewala. Wengine hupenda madimbwi yenye jua, wengine yenye kivuli, kwa hiyo kuondoa vichaka si dawa. Kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Samaki wadogo na watoto wa kereng'ende hula viluwiluwi, na maji yanayosogezwa na pampu huwasumbua mbu wanaotaka kutaga. Pasipo samaki, kuna bakteria *Bacillus thuringiensis israelensis* anayeuzwa kwa kazi hiyo. Huua viluwiluwi vya mbu bila kudhuru samaki wala vyura.

Nifanye nini wakati vichaka bado ni vidogo?

Vichaka vya kasi huchukua miaka miwili hadi mitatu kutoa kivuli cha maana. Katika muda huo funga wavu wa kivuli wa asilimia 50 kwenye nguzo upande wa magharibi, au ongeza yungiyungi moja. Usitumie magugu maji kama njia ya mkato, hata ukiahidi kuyatoa baadaye. Kipande kimoja kinachotoroka kwa mvua huwa tatizo la mto mzima.

Maji bado yanapungua ingawa kivuli kipo. Nini shida?

Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke juu ya jiwe ndani ya bwawa ili ipate jua na upepo ule ule, na uweke alama kwenye maji ya ndoo na ya bwawa. Baada ya siku mbili au tatu linganisha. Vikishuka sawa, ni mvukizo. Bwawa likishuka zaidi, linavuja au ukingo unanyonya. Kagua kwanza upande ambako kichaka kimestawi kuliko wenzake, kwani mara nyingi ndiko kinakokunywa.

Nipogoe lini na kiasi gani?

Baada ya maua, na kabla ya msimu wa mvua ili machipukizi mapya yapate maji. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mwaka. Toa kwanza matawi yanayogusa maji na yaliyo chini ya nusu mita, hewa ipite na wavu wako ufike, kisha punguza kilele ukishaona kivuli kinavuka katikati ya bwawa saa tisa. Usikipe umbo la sanduku, maana nje hujaa majani na ndani hubaki vijiti vikavu vinavyodondokea majini. Tandaza turubai juu ya bwawa kabla ya kuanza kukata, na ulikunje kutoka upande wa maji kuelekea nchi kavu unapomaliza.